Ng'ombe Asiyetajwa

Asubuhi ile ya Jumanne kikombe cha babu kilibaki na chai nusu, na hilo lilitosha kumwambia Josepha kila kitu. Babu Leonidasi hakuwahi kubakiza chai. Aliilaumu kuanzia funda la kwanza hadi la mwisho, lakini aliimaliza.

"Maziwa haya hayana mama," ndivyo alivyokuwa akisema kila siku, akiitazama pakti ya dukani kama mtu anayemtazama shahidi wa uongo. "Yametoka wapi? Ng'ombe wake ni nani? Hata jina hana."

Siku ile Josepha alikuwa nje, amechuchumaa kando ya pikipiki yake, anakaza mnyororo kabla ya kwenda kazini.

"Babu, leo mbona lawama sizisikii?" aliuliza bila kugeuka.

Akasubiri. Aliposimama na kuchungulia, babu alikuwa ameegemea ukuta kwenye jua, mikono juu ya mapaja, macho ameyafumba kama mtu anayesikiliza. Chai ilikuwa bado ya moto. Josepha aliketi chini karibu naye, akamshika mkono kwa vidole vyenye oili, na hakuita mtu mpaka chai ilipopoa.

Huyo ndiye mtu aliyemlea tangu baba na mama yake walipofariki. Babu alikuwa mjukuu wa mwami, yaani mfalme wa Waha wa upande huu. Ufalme wenyewe ulikwisha zamani, na katika urithi wake vilibaki kiti cha miguu mitatu, mzinga mmoja wa nyuki porini, na heshima ya kusalimiwa na watu wakiwa wamechutama. Basi watu wa kijiji chao, Busunzu, walimwita Josepha "binti mfalme". Wachache walisema kwa heshima. Wengi walisema kwa kumcheka, maana binti mfalme huyo alikuwa fundi pikipiki stendi ya Kibondo, na taji lake lilikuwa helmeti yenye ufa.

Wiki mbili kabla, babu alikuwa amemkubali Raymond.

Raymond Ndayikunda alikuwa muoka mikate. Alikuja siku moja stendi akikokota pikipiki iliyozimika, mikate hamsini imefungwa nyuma, na Josepha alipoinama kwenye injini, kijana yule badala ya kutazama injini alimtazama yeye. Alitazama mpaka mvua ikanyesha, na mikate ikalowa bila yeye kujua.

"Kaka, mikate yako inaogelea," Josepha alimwambia.

"Acha iogelee," Raymond akajibu. "Mikate nitaoka mingine."

Mwaka mzima ulipita tangu hapo. Babu alikula mkate wake mmoja, akatafuna taratibu, akasema, "Huyu ana subira. Mkate wa mtu mwenye haraka huwa na shimo katikati. Waje wazazi wake. Josepha nitamtoa mwenyewe pale mlangoni, kwa mkono wangu."

Siku ya wazazi kuja ilikuwa imepangwa. Badala yake wakaja msibani.

*

Siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo ulikaa kikao. Baba mdogo Longinus, mtoto pekee wa babu aliyebaki hai, alitoka ndani amevaa koti la marehemu, ambalo halikufungika tumboni. Akatazama huku na huku, akakivuta kile kiti cha miguu mitatu, akakikalia.

Wazee wawili waliokuwa karibu wakatazamana. Kiti kile hakikaliwi ovyo. Neno lililosemwa juu yake, kwa desturi ya nyumba ile, halirudi tumboni kwa aliyelisema. Babu mwenyewe alikikalia mara chache, na alipokikalia alipima kila neno. Longinus alikikalia kwa sababu mkeka ulimuumiza kiuno.

"Huyu kijana wa mikate," akaanza, akimnyooshea Raymond kidole. "Wazazi wake walikuja nchi hii na mikeka kichwani."

"Na sufuria, ndugu yangu," alijibu mama yake Raymond, Mama Niyonsaba, bila kupandisha sauti. "Usiisahau sufuria. Ndiyo iliyowapikia waombolezaji uji juzi na jana."

Watu wakacheka ndani ya viganja. Mama yule alikimbia kutoka Burundi akiwa msichana, akalima, akauza, akapata uraia, akazeekea Kibondo. Hakuwa mtu wa kubabaishwa.

"Baba yangu alikuwa mzee, alichoka," Longinus akaendelea, uso umemwiva. "Ahadi ya mtu aliyechoka haina sahihi. Damu ya mwami haitolewi kwa mikate! Anayemtaka Josepha alete vitu vitatu siku ya kuondoa matanga, siku ya arobaini. Kwanza, asali ya mzinga wa baba, ule wa kwenye mninga mrefu ambao hakuna aliyeupanda tangu baba alipoacha kupanda miti. Pili, ng'ombe wa uzao wa mwami, mwenye pembe kama mwezi."

Mnong'ono ukapita. Ng'ombe wale hawakuwapo tena, na kila mtu alijua ni nani aliyewamaliza. Longinus aliwauza mnadani miaka ishirini iliyopita akanunua gari. Gari lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, halina magurudumu, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva.

"Na cha tatu?" Josepha aliuliza.

Longinus alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa amefika huko. Harufu ya maharage ilikuwa ikitoka jikoni.

"Cha tatu nitakisema siku hiyohiyo," akasema.

Raymond alisimama. "Nitaleta," alisema, akimtazama Josepha, na kwa mtazamo ule Josepha alisahau kwa kitambo kidogo kwamba amefiwa.

Kesho yake Raymond alipanda ule mninga. Alifika nusu. Kurudi chini hakuchukua muda.

*

"Vunjiko moja, safi kabisa," alisema Firdausi, nesi wa zahanati, ambaye ndiye aliyemfunga mguu kwa vipande vya mbao kabla hajapelekwa hospitali. Firdausi alikuwa mwenyeji wa Pangani, amepangiwa kazi huku mwaka wa pili sasa, na bado alivaa makoti mawili asubuhi. "Wiki nane hapandi kitu, shoga yangu. Hata kitanda atapandishwa."

Josepha alifanya hesabu. Arobaini ya babu ilikuwa imebakiza wiki tano.

Alikwenda moja kwa moja kwa Longinus, akamkuta mbele ya wazee walewale wawili, juu ya kiti kilekile, sahani ya wali mapajani.

"Baba mdogo, Raymond amevunjika. Vitu vyako nitakwenda kuvitafuta mimi."

Longinus alicheka hadi punje za wali zikaruka. "Wewe? Mwanamke apande mzinga? Mwanamke akatafute ng'ombe? Nenda! Nenda, binti mfalme! Ukivileta, nitakuoza mimi mwenyewe, nikutoe pale mlangoni kwa mkono wangu."

"Umekaa kwenye kiti, baba mdogo," Josepha alisema taratibu.

Longinus akatazama chini, kati ya miguu yake. Wazee wakaacha kutafuna. Kicheko chake kilikatika, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kumbe kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa Raymond.

Alimkuta kitandani, mguu umefungwa plasta nyeupe hadi gotini, anakanda unga kwenye beseni lililowekwa tumboni. Aliposikia habari, mikono yake ilisimama ndani ya unga.

"Hapana," alisema. "Josepha, hapana. Watu watasema nini? Mwanamume analetewa mahari na mchumba wake! Watasema mimi ndiye niliyeposwa."

"Watasema. Wakichoka watalala."

"Twende bomani. Tufunge ndoa kwa mkuu wa wilaya, tumalize."

"Mwambie mama yako hivyo."

Mama Niyonsaba alikuwa mlangoni, anapepeta mtama. "Nimeshasikia, na nimeshakataa," alisema bila kugeuka. "Nchi tuliingia kwa kukimbia. Nyumba ya mtu tutaingia kwa mlango, tukiwa tumekaribishwa. Mwanangu haoi uchochoroni."

Raymond alishusha sauti. "Basi nisubiri nipone."

"Arobaini haitakusubiri. Siku ile ikipita, baba mdogo ataondoka kwenye kiti na neno lake litakuwa limekwisha. Hatapatikana tena kirahisi hivi."

"Yaani nilale hapa kama mtoto, wewe unapanda miti kwa ajili yangu?"

"Sipandi kwa ajili yako!" Sauti ya Josepha ilipasuka, na yeye mwenyewe akashtuka. "Babu alisema atanitoa mlangoni. Alisema! Hakuna mtu tena duniani wa kunitoa pale. Nataka nitoke kwa mlango wake, Raymond, si kwa dirisha. Wewe unawaza watu watasema nini. Mimi aliyekuwa akisema yuko kaburini."

Raymond alitazama ukutani. Josepha alimsubiri ageuke. Hakugeuka. Akachukua helmeti yake akatoka, macho yamejaa, na alikuwa ameshawasha pikipiki Mama Niyonsaba alipomfuata mbio na mkate mzima umefungwa kwenye kitambaa, wa moto.

"Chukua. Amesema nisiseme umetoka kwake."

*

Desturi za huku hazimruhusu mwanamke kupanda mti wa mzinga. Josepha alilifikiria jambo hilo akiwa katikati ya mti, akaona ameshachelewa.

Alikuwa amevaa helmeti, chandarua kimefungwa juu yake hadi kiunoni, koti la mvua, glavu za kuchomelea, na kamba ya kuvutia magari imezungushwa kiunoni na kwenye shina. Chini, Firdausi alishika ndoo. Naye alijifunika chandarua kizima, cha kitanda cha watu wawili.

"Josepha! Kwetu Pangani asali tunanunua kwenye chupa!"

"Washa moshi, Firdausi!"

"Nimewasha! Wallahi wananitazama!"

Nyuki mmoja tu aliingia ndani ya chandarua cha Firdausi, na huyo mmoja alimtosha. Alizunguka mti mara saba, ndoo kichwani, akitaja majina ya ndugu zake wote wa Pangani. Juu, Josepha aliondoa kifuniko cha mzinga, akakuta masega meusi kwa uzee, mazito, yenye harufu ya moshi wa miaka mingi. Kwenye gome la ndani palikuwa na alama ndogo za kisu, moja kwa kila mwaka ambao babu alivuna. Josepha alizigusa kwa kidole, moja moja. Kisha akachukua nusu ya masega, nusu akawaachia wenyewe, kama babu alivyofanya, akachonga alama yake, akashuka.

*

Habari ya ng'ombe Josepha alikuwa nayo tangu utotoni. Kila sikukuu babu akishiba alisema, "Nina ng'ombe wangu Kasulu." Longinus aliita maneno yale ndoto za uzee. Lakini babu alikuwa na jina pia: Ntirampeba. Mtu huyu alivuka mpaka zamani sana, mwaka wa vita, mke wake ana mimba, hawana kitu. Babu alimkuta njiani akampa mtamba mmoja aliyekaribia kuzaa. Kwa desturi ya wafugaji wa huku, ng'ombe wa kupewa huwafunga watu wawili kama ndugu, na siku moja aliyetoa anaweza kuomba mmoja wa uzao wake arudi nyumbani. Ila kuna sharti. Haombwi kwa kutajwa. Ukisema neno "ng'ombe" kabla mwenyewe hajalisema, umevunja ombi lako. Unazungumza mambo mengine yote, na mwenye ng'ombe akikuelewa moyo, anasimama mwenyewe.

"Kwa hiyo tunakwenda kuomba kitu bila kukiomba," Firdausi alisema, akiwa amemshikilia Josepha kiuno juu ya pikipiki. Alikuwa amechukua likizo yake yote kwa safari hii. "Sawa. Mimi nitanyamaza."

Mzee Ntirampeba walimpata milimani nje ya mji wa Kasulu, katika boma la miti mibichi iliyochipua. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia ya sufu kichwani. Aliwakaribisha kwa chungu cha pombe ya mtama chenye mirija miwili. Firdausi, kwa kuwa ni Mwislamu, akapewa kibuyu cha maziwa mgando.

Josepha alijitambulisha kuwa ametoka Busunzu, halafu akaanza maneno aliyoyakariri njia nzima. Alisifu milima. Alisifu migomba. Alisifu mvua. Mzee alivuta mrija, akisema "Ego, ego," yaani naam, naam. Jua likasogea. Josepha akasifu mawe. Firdausi alimaliza maziwa, akajifuta mdomo, na kwa shukrani ya kweli kabisa akasema:

"Mashallah, mzee, haya maziwa! Huyo ng'ombe wako ndiye tuliyemfuata."

Mrija ukatoka mdomoni mwa Ntirampeba.

"Mimi leo sijasikia kitu," mzee alisema mwishowe, akasimama. "Masikio yangu si mazuri jioni. Njooni kesho."

Walilala kwa masista. Firdausi aliomba radhi mara ishirini, na asubuhi akaja bomani amejifunga mtandio mdomoni kama anayetoka kung'olewa jino. Josepha naye hakuwa na maneno tena. Sifa alizozikariri zilikuwa zimekwisha jana. Alikaa mbele ya chungu, akaushika mrija, akautazama.

"Mzee," alisema, "babu yangu Leonidasi amefariki."

Ntirampeba alivua kofia yake taratibu, akaiweka gotini.

"Lini?"

"Ni wiki ya tano sasa. Jumanne. Alikuwa nje kwenye jua, anakunywa chai. Mimi nilikuwa hatua kumi tu, nakaza mnyororo wa pikipiki. Sikusikia. Nasikia injini mbovu toka mbali, mzee, lakini babu yangu sikumsikia. Chai ilibaki nusu." "Hakuwa akiipenda ile chai. Kila siku aliilaumu. Alisema maziwa yake hayana mama."

Mzee aliinua uso. "Maziwa gani?"

"Ya pakti. Ya dukani."

"Leonidasi?" Sauti ya Ntirampeba ilipanda. "Leonidasi alikuwa akinywa maziwa ya pakti?"

"Ndiyo, mzee. Miaka yote niliyokaa naye."

"Yoo!" Mzee alijipiga paja, akasimama, akaketi, akasimama tena. "Mtu aliyewanyonyesha watoto wangu! Mke wangu alijifungua maziwa hayatoki, mwanangu angekufa pale kando ya njia. Aliyemwokoa ni yule mtamba wake! Na yeye anakufa na pakti mkononi? Mara ngapi nimemtumia ujumbe! 'Leonidasi, wako yupo, njoo umchukue.' Unajua alinijibu nini? 'Mwache kwanza. Nikimleta, Longinus atamgeuza gari.'"

Nyuma ya mtandio, Firdausi alitoa sauti ya kuku aliyekanyagwa.

"Nimesubiri miaka ishirini," Ntirampeba alisema, machozi yanamshuka bila yeye kuyajali, "nikimngoja mtu asiyemgeuza gari." Akamkazia macho Josepha. "Na wewe je? Hutamgeuza pikipiki?"

"Pikipiki ninayo tayari, mzee."

Mzee alicheka huku analia. Akaingia bomani, akatoka anaongoza ng'ombe mwekundu wa kukolea, pembe ndefu zimepinda juu kama mwezi mwandamo, ndama wa miezi miwili ubavuni.

"Huyu ndiye ng'ombe," alisema kwa sauti, ili neno litoke kwake kwanza. "Anaitwa Bihogo. Mama yake aliitwa Bihogo, na bibi yake, mpaka yule wa kwanza. Ihangane, mwana wanje. Jikaze, mwanangu. Mpeleke nyumbani."

*

Kutoka Kasulu hadi Busunzu walitembea siku nne, na kibali cha kusafirisha mifugo mfukoni. Josepha alitangulia kwa miguu, kamba mkononi. Firdausi alifuata juu ya pikipiki aliyojifunza kuiendesha asubuhi ileile, kwa gia ya kwanza tu, ndama amefungwa kwenye tenga nyuma yake. Walipopita Makere, watu walitoka madukani kutazama. Huko Mvugwe, mtu mmoja aliuliza kama ni sarakasi.

"Ni posa!" Firdausi alimjibu. "Bwana harusi yuko nyumbani anakanda unga!"

Josepha alicheka, lakini kila usiku ulipoingia aliutazama mkate wa Raymond. Aliula wote ila kipande kimoja. Kilikuwa kimekauka kama kigae, na hakukitupa.

Siku ya nne, kilomita mbili kabla ya kijiji, aliona mtu kando ya barabara amesimama kwa magongo, mguu mmoja mweupe, kifurushi kimening'inia shingoni. Alimjua kabla ya macho kuthibitisha.

"Umefikaje hapa?" alimuuliza alipomkaribia.

"Kwa mguu mmoja," Raymond alisema. Alikuwa ametota jasho. "Tangu asubuhi. Nimeanguka mara mbili, lakini safari hii karibu na ardhi."

Josepha alitaka kucheka, akashindwa. Raymond hakumtazama ng'ombe wala pembe zake. Alimtazama yeye, miguu yenye vumbi, midomo iliyokauka, uso uliochomwa na jua, kama siku ile ya mvua.

"Sikugeuka siku ile," alisema. "Nimejuta kila siku. Nilidhani aibu ni kuletewa. Aibu ni kulala kitandani umemnunia mtu aliyefiwa. Nisamehe, Josepha. Wacha waseme niliposwa. Niliposwa na nani? Wanitafutie mwingine aliyeposwa na mtu kama wewe."

Josepha aliingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande kikavu, akamwekea kiganjani. Raymond alikitambua. Vidole vyao vikabaki pamoja juu yake.

"Maneno matamu kweli," Firdausi alisema kutoka nyuma, "lakini ndama ananikojolea."

*

Siku ya arobaini uwanja ulijaa. Longinus alikuwa amekaa kwenye kiti tangu asubuhi. Asingeweza kukikwepa, wazee wawili walimwekea wenyewe.

Josepha aliweka ndoo ya asali mbele yake, akapiga magoti.

"Cha kwanza, baba mdogo."

Longinus alichovya kidole, tayari kusema ni asali ya sokoni. Akakiweka mdomoni. Shingo yake ilisimama. Alichovya tena, polepole. Ilikuwa ladha ya moshi ule, wa mikono ile, asali aliyolambishwa alipokuwa mdogo akiumwa.

"Ni yake," alisema, na sauti haikuwa ya mtu wa kiti.

"Cha pili."

Raymond kwa magongo yake, na mama yake akiwa ameshika kamba, wakamwingiza Bihogo uani. Kelele zilizimika. Pembe zilipita mlangoni kwa kuinamishwa. Longinus alisimama bila kujua kwamba amesimama.

"Bihogo," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia jina. Yeye ndiye aliyewachunga alipokuwa na miaka kumi. Alimwita Bihogo wa zamani kila jioni, na kwake ndiko ulikotoka uzao wote aliokuja kuuza. Alisogea, mkono umenyooka, akapiga mluzi mdogo ambao watu hawakuwahi kuusikia kwake.

Bihogo hakumjua. Alimkanyaga kidole.

Longinus hakulalamika. Alisimama pale pale amekanyagwa, uso ameufukia kwenye shingo ya ng'ombe, mabega yanatikisika, na koti la babu likapasuka mgongoni. Tangu mazishi hakuna aliyemwona akilia. Watu walimwacha amalize.

Mzee mmoja alikohoa. "Longinus. Cha tatu bado."

Mama Niyonsaba aliganda. Raymond alikaza magongo. Josepha aliinua kidevu. Hata kama angetaka nyota, angemwambia ampe ngazi.

Longinus alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Cha tatu," alisema, "niruhusuni nimkame. Mimi. Kila asubuhi." Akamgeukia Josepha, macho mekundu. "Sitamgeuza gari. Gari lenyewe mnaliona."

Kicheko kilipasuka uwanja mzima, na katikati yake vigelegele, na cha Firdausi kilikuwa kirefu kuliko vyote, cha Pangani hasa. Longinus alimshika Josepha mkono, akamwingiza ndani ya nyumba ya babu, kisha akatoka naye tena kwa mlango wa mbele, hatua kwa hatua, mpaka mbele ya Mama Niyonsaba aliyekuwa amesimama wima pale alipokaribishwa.

"Mama," Longinus alisema, "huyu ni binti yetu. Na ile sufuria yako, tafadhali, njoo nayo tena. Safari hii ni ya pilau."

"Itakuja," Mama Niyonsaba alijibu. "Na mkeka pia, wa kukalia wewe. Kiti hicho naona kimekuchosha."

Harusi imepangwa Jumamosi, wiki moja baada ya plasta ya Raymond kutolewa. Longinus huja kila asubuhi kumkamua Bihogo. Kikombe cha kwanza cha chai huwekwa mbele ya kiti cha miguu mitatu, ambacho sasa hakikaliwi na mtu, na kikipoa, Josepha hukinywa chote, kisha huwasha pikipiki na kwenda kazini.